"Iko kwa Drive" Si Jibu

Juzi nilimuuliza binamu yangu, yuko mwaka wa kwanza, kazi zake za chuo ameziweka wapi. Akaniangalia vile unaangalia mtu ameuliza maji hutoka wapi. "Iko kwa Drive." Na namba za watu? "Kwa Gmail." Na tarehe za mitihani? "Kalenda. Si simu inanikumbusha." Nikamuuliza, Drive ya nani? Akacheka, akarudi kwa TikTok yake. Mimi sikucheka, kwa sababu miaka miwili iliyopita ningemjibu mtu hivyo hivyo, tena kwa kifua.

Sasa wasee, hii posti si somo la kompyuta. Nimekuja kugombana. Nagombana na hayo maneno matatu kwa sababu tumeyafanya dua: unayasema, roho inatulia, unalala. Hakuna mtu anauliza hiyo Drive ni ya nani, ufunguo uko na nani, na siku mwenye ufunguo akiamua kufunga mlango wewe unabaki na nini. Mimi nilibaki na namba arobaini na tatu na flashi iliyojaa majina ya faili. Majina tu. Nitaeleza.

Nilipoingia chuo (sikitaji, na kama unakijua nyamaza) tulipewa anwani ya imeili ya shule wiki ya kwanza. Chini yake kulikuwa na kila kitu: imeili, kalenda, hati, nafasi ya kuweka vitu. Akaunti yangu ya kibinafsi ilikuwa imejaa. Zile GB 15 za bure watu husahau kwamba ni sahani moja inayoliwa na wengi, imeili, Drive na picha zote mle ndani, na tangu 2024 hata nakala za WhatsApp za simu za Android zimevuta kiti. Ya shule ilikuwa na nafasi. Nikahamia mzima mzima. Skripti za video, video mbichi, ankara za wateja, barua za kuomba basari, CV ya kwanza, CV ya uongo, zote.

Halafu nikanunua simu iliyotumika, na ilipoomba akaunti nikaweka ya shule. Kitendo cha sekunde kumi. Kuanzia hiyo siku kila namba niliyosevu iliingia kwa akaunti ya shule. Haikuingia kwa simu, haikuingia kwa laini. Kuna kasehemu kadogo pale juu unaposevu namba, kanakuambia inaenda wapi. Hebu niambie ni lini mara ya mwisho ulikasoma.

Mwaka wa tatu karo ikanishinda. Sitaki kuliingilia sana hilo, wengi wenu mnajua hiyo njia. Niliahirisha semesta moja, moja ikawa mbili, mbili ikawa basi. Nilikuwa tayari napata kazi ndogo ndogo za kushuti na kuediti, nikaona wacha nikae hapo. Chuo hakikunipigia simu, nami sikukipigia. Lakini akaunti iliendelea kufanya kazi, na hapo ndipo nilipodanganyika. Mwezi wa kwanza iko sawa, wa tano iko sawa. Ukiona kitu kinafanya kazi muda huo wote unadhani ni chako.

Jumatatu moja nikaamka, simu inaniomba nithibitishe paswadi. Nikaweka. Ikakataa. Nikafungua laptopu: wasiliana na msimamizi wako. Nikakimbia saiba nikidhani ni mtandao wangu. Msee wa saiba akatazama skrini, akanitazama mimi, akasema, "Bro, hii imezimwa huko juu."

Namba za simu, kutoka mia sita na kitu, zikabaki zile arobaini na tatu zilizokuwa kwa laini. Nusu ya hizo ni jamaa, na nyingine ni za watu hata siwakumbuki. Ya mathe ilikuwepo kwa sababu niliisevu kidato cha pili. Kalenda ikawa nyeupe. Na hiyo wiki nilikuwa na kazi ya kushuti ruracio huko Kitengela. Nilijua ni Jumamosi. Sikujua saa, sikujua boma la nani, na namba ya mteja ilikuwa imeenda na zile nyingine. Jumamosi saa tano mchana simu ikalia, namba bila jina: "Kijana, uko wapi? Wazee wameshaingia." Nilikuwa Roysambu, nimevaa kaptura.

Hilo ni aibu, linapita. Lililoniuma ni pesa. Kuna mtu nilikuwa nimemfanyia video tatu za duka lake kwa shilingi 18,000, tulikubaliana kwa imeili, akaandika mwenyewe "sawa, 18". Alikuwa ametuma 10,000. Nilipomdai salio akasema tulipatana 10,000. Nikamwambia imeili ipo. Akasema, kwa utulivu kabisa, "Nitumie basi hiyo imeili." Sikuwa nayo. Nafikiri alisikia kwa sauti yangu kwamba sina. Hizo 8,000 sijawahi kuziona, na ilikuwa kodi ya keja.

Sasa ile ya flashi. Mimi nilijiona mjanja kuliko wenzangu, kwa sababu kila mwisho wa semesta nilikuwa nakopi folda ya hati zangu kutoka Drive ya laptopu hadi kwa flashi. Video sikukopi, flashi ilikuwa ya GB 8. Lakini hati zote nilikopi. Kwa hivyo hiyo Jumatatu, baada ya diski ya G kupotea kwa laptopu kama haijawahi kuwepo, nilikuwa na amani kidogo. Nikatoa flashi, nikachomeka. Majina yote yakatokea. Skripti ya kwanza, skripti ya pili, ankara za Machi. Nilitabasamu, naapa. Nikabofya moja mara mbili. Ikafungua brauza. Ikaniuliza paswadi ya akaunti ya shule.

Nilikaa hapo nikibofya faili moja baada ya nyingine kama mtu anayejaribu kuwasha gari isiyo na injini.

Hivi ndivyo ilivyo, na ningependa mtu angeniambia mapema. Hati uliyoiandika kwa Google Docs haikai kwa kompyuta yako. Ile faili unayoiona, inayoishia na .gdoc, ni anwani tu. Ukubwa wake ni kama SMS moja au mbili. Ndani imeandikwa, kwa lugha ya mashine, "hati yenyewe iko kule". Ukiikopi kwa flashi mara mia umekopi anwani mara mia. Na zile video kwa diski ya G, ukiacha programu kwa hali yake ya kustrimu, jina linaonekana kwa laptopu lakini mwili uko kwa seva hadi utakapoifungua. Miaka mitatu niliishi na folda iliyojaa vivuli, nikiiita bakapu.

Nilienda ofisi ya kompyuta ya chuo kwa miguu yangu. Jamaa wa hapo hakuwa mkali. Aliuliza namba ya usajili, akaangalia, akasema, "Kijana, hizi akaunti ni za wanafunzi. Wewe ni mwanafunzi?" Nikasema nilikuwa. Akanyamaza, nami nikanyamaza. Alikuwa sawa, na ndiyo sababu sikuweza hata kukasirika vizuri. Akaunti haikuwahi kuwa yangu. Nilikuwa mpangaji niliyepaka nyumba ya mtu rangi.

Na kama bado uko chuo, elewa kitu. Zamani Google walikuwa wanawapa vyuo nafasi isiyo na mwisho. Mwaka 2021 walitangaza hiyo imeisha, na kutoka Julai 2022 chuo kizima kinaanza na TB 100 za kugawana, wanafunzi, walimu, ofisi, wote. Gawanya hiyo kwa wanafunzi elfu ishirini uone kila mmoja anabaki na GB ngapi. Tano! Mtu wa kompyuta mwenye akili timamu lazima aanze kufagia, na anaanzia kwa nani? Kwa walioondoka. Aliyemaliza na kofia na aliyekatwa na karo wako kwa foleni moja.

Sasa turudi kwa hilo neno lenyewe. Tunaita kusinki. Simu iliyowekwa Kiswahili inaita kusawazisha, na mimi siku hizi nalipenda hilo la Kiswahili kwa sababu linasema ukweli. Tingatinga likisawazisha barabara haliulizi hapa palikuwa na kichuguu au palikuwa na kibanda cha mtu. Linafanya pande zote zifanane, basi. Ukiongeza huku, inaongezeka kule. Ukifuta huku, inafutwa kule. Ukiharibu huku, uharibifu unasafirishwa kwa uaminifu mkubwa hadi kwa kila mashine uliyonayo.

Mko na mfano nyumbani kwenu. Simu imejaa, mtu anaingia kwa Google Photos anafuta picha elfu moja "kwa simu" akijua "ziko kwa wingu". Zimefutwa kote. Zinakaa kwa pipa siku 60, halafu kwaheri. Kulikuwa na kitufe kingine cha kupunguza mzigo wa simu peke yake, lakini nani alisoma? Drive na Gmail pipa ni siku 30. Kama uligundua kosa siku ya 31, samahani.

Na si ati makosa ni ya mtumiaji tu. Novemba 2023 watu waliokuwa wakitumia programu ya Drive ya kompyuta walianza kulia kwamba faili za miezi mizima hazionekani. Google wenyewe walikubali kulikuwa na tatizo la usawazishaji kwa toleo la 84, wakatoa maelekezo ya kujaribu kuzirudisha. Hao ni Google. Wana wahandisi kuliko wakaazi wa mtaa wetu, na bado lilitokea. Siwatukani. Nasema tu kwamba kioo ni kioo, na ukijikata uso, kioo nacho kinatoka damu.

Najua kuna msee hapa anasema hii ni shida ya watu wa ofisi wenye kompyuta tatu. Hebu hesabu. Wiki hii umetumia simu yako. Umetumia laptopu yako, ile isiyokaa bila chaja. Umetumia ya rumeti kwa sababu chaja yako iliungua. Umeingia maabara ya chuo, umeingia saiba kuprinti. Na kuna ile simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka unayoitumia kwa hotspot. Hizo ni mashine sita. Mtu mwenye pesa ana laptopu moja nzuri na simu moja nzuri, zimeshikana mikono, maisha yanaendelea. Sisi tunaokopa mashine ndio tunaoruka kutoka moja hadi nyingine, na kila tunaporuka kuna kitu kinabaki nyuma: akaunti haijafungwa, faili iko kwa folda ya kupakua ya saiba, imeili imesomwa kwa kompyuta ambayo kesho mwingine atakalia. Hii mambo ni yetu kuliko yao.

Halafu kuna zile akaunti tulizofunguliwa. Kenya nzima kuna watu imeili yao ilifunguliwa na msee wa saiba siku ya kutafuta PIN ya KRA au kuomba HELB. Paswadi iliandikwa nyuma ya risiti. Namba ya kurejesha ni ya huyo msee, ama haipo. Hiyo ndiyo imeili eCitizen inaandikia, na mwenyewe hajaifungua tangu siku ya kwanza. Sasa jua hili pia: tangu Desemba 2023 Google wana ruhusa yao wenyewe ya kufuta akaunti ya kibinafsi isiyoguswa kwa miaka miwili. Kama hiyo ndiyo yako, ingia leo. Kama huwezi kuingia, anza kubadilisha imeili kwa hizo ofisi sasa hivi, wakati hakuna moto.

Kuna watakaoniambia, "Lakini flashi inapotea, laptopu inaibiwa, Google ni salama kuliko wewe." Kweli kabisa. Simu yangu ya kwanza ilinyakuliwa kwa dirisha la matatu, na jioni hiyo hiyo niliweka akaunti kwa simu ya kukopa, namba zote zikarudi kama kuku jioni. Nilifurahi hadi nikasahau kuuliza zimetoka wapi. Kwa hivyo sisemi mzime usawazishaji. Yeyote anayekuambia urudi kwa daftari na kalamu anataka likes. Ninachosema ni kwamba kusawazisha kunakukinga dhidi ya mwizi wa simu. Hakukukingi dhidi ya kidole chako mwenyewe, wala dhidi ya mwenye akaunti. Hizo ni ajali tatu tofauti, na sisi tunabeba mwavuli mmoja.

Kinachonikasirisha ni kwamba hii shida ilitatuliwa kabla tuzaliwe. Zamani imeili ilikuwa inashushwa kwa kompyuta moja, ikishuka mara nyingi inafutwa kwa seva, ukienda kwa kompyuta nyingine hakuna kitu. Mwaka 1986 jamaa anaitwa Mark Crispin, huko Stanford, akaanza kutengeneza IMAP, njia ya kuacha barua kwa seva ili mashine zako zote zione kitu kimoja, kimesomwa au hakijasomwa. Kalenda zikapata njia yao ya wazi 2007, inaitwa CalDAV. Namba za watu zikapata CardDAV 2011. Nasema "ya wazi" kwa maana kampuni yoyote inaweza kuitumia bila kuomba mtu ruhusa. Ndiyo maana kalenda yako ya Google inaweza kukaa kwa iPhone, na namba zako zinaweza kuhama leo jioni kwenda kwa kampuni nyingine kabisa. Anayekuambia haiwezekani ama hajui ama anauza simu.

Lakini ni nani alitufundisha hiyo? Tulisoma kompyuta shule, tukakariri sehemu za kibodi. Tukafika chuo, tukafundishwa historia ya vizazi vya kompyuta kutoka kizazi cha kwanza. Hakuna siku mtu alituambia: hii akaunti tunayokupa tutaizima, hivi ndivyo unavyotoka na vitu vyako. Na huku onlaini kuna mainfluensa wenye meza safi na mshumaa wanakuuzia ratiba ya rangi saba ya kupanga maisha yako. Hakuna hata mmoja anayekuambia hiyo ratiba iko kwa nyumba ya nani.

Mimi siku hizi niko na laptopu na deskitopu nzee niliyonunua ofisi fulani ilipokuwa inauza vitu vyake. Akaunti ni yangu, jina langu, namba yangu ya kurejesha. Imeili nafungua kwa Thunderbird kwenye deskitopu. Hapa nusura nianguke tena kwa shimo lile lile, kwa sababu Thunderbird nayo kupitia IMAP ni kioo: ikifutwa kwa seva, inafutwa na hapo. Kwa hivyo zile barua zenye pesa, mapatano ya bei, risiti, nazikopi kwa zile folda za kompyuta yenyewe, ambazo hazisawazishwi na mtu. Namba za watu nazitoa kila mwezi, zinakuwa faili moja inayoishia na .vcf, faili ndogo hata bando haihisi, namtumia mathe kwa WhatsApp. Yeye hudhani ni virusi. Kalenda inatoka kama .ics, lakini utafungulia brauza ya kompyuta, kwa programu ya simu hicho kitufe hakuna.

Hati nazishusha kama Word, zikiwa na mwili wake. Na kuna kitu kinaitwa Google Takeout kinachokufungia kila kitu kwa zip. Unaweza hata kukiambia kikufungie kila miezi miwili kwa mwaka mmoja. Yote yanaingia kwa flashi ya GB 32 niliyonunua Luthuli kwa 700. (Ukiuziwa flashi ya TB 2 kwa 1,000 hapo barabarani, umenunua plastiki. Itakubali faili zako zote na kukurudishia uchafu.)

Folda za kazi ya kila siku nazisawazisha kwa Syncthing, laptopu na deskitopu zikiongea moja kwa moja kwa waifai ya nyumbani. Hakuna seva ya mtu katikati, na ndani ya nyumba haili bando. Mara ya kwanza iliniogopesha. Nilikuwa nimeandika skripti kwa laptopu nikiwa kwa matatu, na kwa deskitopu nilikuwa nimebadilisha ile ile asubuhi. Kufika nyumbani nikakuta faili mbili, moja imeandikwa sync-conflict kwa jina. Nilitaka kuitukana. Halafu nikaelewa kwamba ilikuwa inaniambia, kaka, nimekuta mbili, chagua mwenyewe. Ni mara ya kwanza programu iliniheshimu namna hiyo.

Na faida nyingine niliielewa 12 Mei 2024, zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao wa Afrika Mashariki ukaanza kutambaa. Timelaini nzima ni malalamiko. Mimi nilikuwa naediti. Si ati nilikuwa nimejua. Faili zilikuwa tu hapo mezani.

Sasa nyinyi wa vyuo, na simaanishi wanafunzi, namaanisha wenye ofisi. Hamhitaji pesa kurekebisha hili. Mwanafunzi akiahirisha, akifukuzwa, akimaliza, mtumieni ujumbe kwa namba yake: akaunti itazimwa siku tisini kuanzia leo, toa vitu vyako hivi. Google wana ukurasa maalumu wa kuhamisha imeili na Drive kutoka akaunti ya shule hadi ya kibinafsi, na unafanya kazi tu ikiwa msimamizi ameuruhusu. Uruhusuni. Haubebi namba za watu wala kalenda, kwa hivyo andikeni hilo pia kwa huo ujumbe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupata data zake binafsi kwa muundo unaosomeka na mashine na kuzipeleka kwingine. Mwanasheria mchanga anayesoma hapa, hiyo ni kazi yako, nitakushutia bure.

Na wale mnaoandika hapo chini "si ungemaliza shule", nimewaona kwa posti zingine. Waliomaliza walizimiwa pia. Tofauti ni kwamba wao walizimiwa wakiwa na picha ya gauni, kama ilikuwa imesevuliwa kwingine.

Binamu yangu nilimkalisha jana. Akaunti yake ya shule bado iko hai, chuo chake kimeruhusu kuhamisha, kwa hivyo tulianzisha kuhama hiyo jioni. Namba tukazitoa kando, 212, na kwa hizo alikuwa anajua 9 kwa kichwa. Kalenda ilikuwa na tarehe za mitihani ambazo hazikuwa mahali pengine popote duniani. Tulipofika kwa hati akasema hizo ziko salama, amezikopi kwa flashi. Nikamwambia alete. Akabofya moja.

Fanya hivi usiku wa leo. Weka simu kwa hali ya ndege. Toa laptopu kwa waifai. Sasa tafuta vitu vitatu: namba ya mtu wa mwisho aliyekulipa, mahali alipoandika bei, na hati moja uliyoandika mwaka jana, ifunguke uisome. Una dakika tano. Halafu washa data uje uniambie hapa umepata ngapi. Ukipata sifuri andika sifuri. Mimi nilipata moja, na ilikuwa namba ya mathe.